Mtoto mmoja, muuguzi mmoja

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili, 14 Septemba 2025

Neema shoga yangu,

Habari za Leeds, habari za shemeji, habari za Ebby? Sisi hatujambo. Mama mzima ila lile goti, Salma kajifungua wa kiume, Mzee Kipara kafunga duka, na Nasra yuko darasa la kwanza na tayari anatusahihisha sote tunavyoshika penseli. Nimetoka zamu ya usiku, usingizi umegoma, nyumba bado imelala. Ngoja nikwambie jambo lenyewe kabla hawajaamka.

Nimepata kazi. Huko kwenu Uingereza. Wodi ya watoto wachanga.

Najua utauliza mbona nimekaa kimya tangu Idi, hata ujumbe wako wa siku ya kuzaliwa sikuujibu. Nisamehe. Nilikuwa nasoma kwa siri. Baba Nasra tu ndiye aliyejua. IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, ya kwanza niliangukia kwenye uandishi, nikapata 6, na Baraza la Uuguzi la huko linataka 6.5 kwenye uandishi na 7 kwenye mengine. Nikalia siku moja, nikarudia, safari hii nikapita. Ule mtihani wa kompyuta wenye hesabu 15 na maswali 100 ya uuguzi haukunisumbua. Dozi na matone ya dripu si ndiyo tunayapigia hesabu kila siku, tena taa zikiwa zimezimika? Nilikaa kimya kwa sababu niliogopa kukutangazia halafu nishindwe. Wewe ulishanipigia sana debe kwa watu.

Usaili ulifanyika kwa video. Kwetu umeme ulikatika asubuhi hiyo hiyo, nikakimbilia kwa Da Tausi, watoto wote wakatolewa nje. Wakaniuliza mengi ya kazi nikajibu. Mwishoni yule mama akaniuliza: kwa nini unataka kuja? Nikasema napenda kujifunza, natafuta uzoefu, yale yale wanayosema wote. Si uongo. Lakini jibu lenyewe lilinijia nikiwa kwenye daladala narudi nyumbani, nimebanwa mlangoni, na nikatamani nimpigie tena nimwambie. Sasa nakuambia wewe.

Unakumbuka ile sauti uliyonitumia mwaka jana ukiwa kwenye basi unatoka kazini? Ukasema, "Zuhura, leo nilikuwa na mtoto mmoja." Mimi nikakujibu hongera, umepumzika. Ukaniambia hapana, hiyo si siku nyepesi, ndivyo walivyopanga: mtoto aliye mahututi, muuguzi mmoja kwake peke yake, wanaohitaji uangalizi wa karibu, wawili kwa muuguzi mmoja, wale wanaonenepa wakisubiri kuruhusiwa, wanne. Niliisikiliza ile sauti mara tatu. Sijawahi kukuambia kwamba nilienda kusimama chooni nikiisikiliza ya nne.

Sasa nikusimulie usiku wa mwezi wa pili. Tulikuwa wawili, mimi na Grace, na watoto 31. Kulikuwa na njiti mmoja wa kilo moja na gramu mia, mama yake kapasuliwa, yuko jengo la pili, hajamwona mwanawe bado. Njiti husahau kupumua, wewe unajua kuliko mimi. Unamgusa unyayo, unamsugua mgongo, anakumbuka. Ukiwa na mtoto mmoja unamwona anaposahau. Ukiwa na kumi na tano unamkuta alishasahau zamani. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka alipo, nampitishia mwingine mpira wa kulishia. Hatua nne, Neema. Tulihangaika naye na Grace, tukamwita daktari, hakurudi. Asubuhi nilienda mimi kwa mama yake, sikutaka apelekewe habari na mtu asiyemjua mwanawe. Akaniuliza alikuwa anafanana na nani.

Mfawidhi alinikalisha akaniambia hakuna uliyemkosea. Naamini. Ila najua pia kwamba angekuwa na mtu wake wa kumtazama, usiku ule ungekuwa mwingine, au angalau tungejua kwamba tulifanya yote. Tangu siku hiyo, kila mtu akinitajia Ulaya anataja paundi, na mimi moyoni nasikia sauti yako kwenye basi. Mtoto mmoja.

Usidhani nadharau paundi. Mbingu zinajua. Mshahara wa kuanzia wa bendi ya 5, ngazi wanayoanzia wauguzi huko, kwa mwaka huu wa 2025/26 ni paundi 31,049, nikiugeuza ni zaidi ya shilingi milioni 90 kwa mwaka kabla ya makato. Ulishanionya kwamba kodi ya nyumba, gesi na nauli zinakula kama mchwa, nimekuelewa, nami napiga hesabu ya kinachobaki, si ya kinachoingia. Lakini nimeona kwa macho. Jumamosi ile nilivuka na pantoni nikaenda Kibada kama ulivyoniagiza. Nyumba yako imefika kwenye lenta! Fundi anataka hela ya mbao za kupaulia, nimemwambia asubiri neno lako. Nikasimama pale ambapo patakuwa sebule, nikamkumbuka mama yako na ile nyumba ya kupanga Tandika iliyokuwa inaingia maji kila masika. Leo, hata kabla hii haijaezekwa, anakaa pakavu, Daudi anamaliza ufundi VETA, na bili ya hospitali ya baba ililipwa kabla hatujaanza kuchangishana. Miaka minne tu. Hapa ningefanya hayo kwa miaka mingapi? Nina deni la benki nililokopa kwa ajili ya shahada, naendelea kukatwa hadi 2028.

Na kuna faida ambayo haitajwi sana: mapumziko. Ulisema saa zako ni 37.5 kwa wiki, na likizo ya kuanzia ni siku 27, bado sikukuu 8. Ukizidisha muda unalipwa. Mimi wiki iliyopita nilipishana na Nasra siku nne mfululizo, ananiona kwenye shuka tu.

Mama anataka niende Saudia. Asha yuko Riyadh, unajua, hakatwi kodi ya mapato, nyumba kapewa na mwajiri, tiketi ya kuja likizo kapewa, na Umra kashaenda mara mbili. Mama akiliona hilo la Umra hasikii tena la mwingine. Kusema kweli nililifikiria sana, kwa sababu ningependa kumpeleka Makka kwa jasho langu. Lakini Asha yuko peke yake, wanawe wako kwa bibi yao Tanga wanamwita "mama wa simu". Huko kwenu muuguzi bado anaruhusiwa kuja na mume na mtoto, na kwa viza yetu hawatozi ile ada ya matibabu wanayotoza wengine. Baba Nasra amesema yuko tayari hata kubeba mizigo ghalani. Mwalimu wa hesabu, shule nzima inamwogopa, lakini amesema bila kusita, nami nikampenda upya.

Mama aliposikia ni Uingereza alinyamaza, kisha akasema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Mpaka leo sijui kama ameniruhusu au amenizuia.

Lililoniumiza zaidi ni Metroni, mkuu wetu wa wauguzi. Nilimwendea kwa heshima, nikamweleza kabla hajasikia kwa watu. Akavua miwani, akaniuliza, "Mnatuachia nani?" Hakunifokea. Angenifokea ingekuwa nafuu. Unajua Tanzania imo kwenye ile orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2023, nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Ndiyo maana waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kutuita huku. Mtu akiomba mwenyewe moja kwa moja ndipo wanampokea, na mimi niliomba mwenyewe. Wakenya angalau serikali yao ilitia saini makubaliano na Uingereza mwaka 2021.

Basi mimi ni mmoja wa wanaoipunguza nchi iliyopungukiwa. Nimelilalia hilo neno la Metroni usiku mwingi. Halafu namtazama mdogo wake Grace: ana stashahada, ana leseni, mwaka wa pili huu anajitolea, analipwa nauli tu. Wodi haina watu na mtaani wauguzi wamejaa. Nikiondoka nafasi yangu haitakosa mikono ya kuijaza, itakosa kibali cha kuijaza. Hayo nilimwambia Metroni, akasema, "Hilo ni kweli, lakini yule binti anajua unachokijua wewe?" Hajui. Mimi pia nilikuwa sijui nilipoanza, nilifundishwa na Metroni huyo huyo, usiku, kwa tochi ya simu, jinsi ya kutafuta mshipa kwenye mkono mdogo kuliko kidole changu.

Nimeanza kumfundisha yule binti. Nimempangia mwenyewe, kila zamu tunayokutana. Kangaruu, ile ya kumlaza njiti ngozi kwa ngozi na mama, anaiweza vizuri sasa, anawapanga kina mama na watoto vifuani kama fundi. Nataka nikiondoka awe na walau nusu ya nilicho nacho. Halafu nije nijaze nusu yangu huko: hizo mashine, hiyo kafeini mnayowapa njiti wasisahau kupumua, hiyo kozi ya ubingwa wa watoto wachanga uliyosema hospitali inamlipia muuguzi. Nikirudi likizo nitakaa na Metroni na daftari. Kama nitarudi moja kwa moja au la, siwezi kumwapia mtu, Nasra atakuwa ameshazoea shule ya huko. Lakini daftari nitalileta.

Jamani, Halima! Karibu nisahau. Kuna bwana mmoja mjini anajiita wakala, kamwambia Halima atoe milioni 4 "za kumfungulia faili" la Uingereza. Alikuwa kashauza friji. Nikamwambia hata wakala wa Uingereza haruhusiwi na sheria ya kwao kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi, sembuse huyo wa ngazi ya tatu asiye hata na kibao mlangoni. Gharama zipo, nimezilipa mimi mwenyewe: mtihani wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta, usajili, uthibitisho kutoka Baraza letu la Uuguzi na Ukunga. Lakini kila moja nilimlipa mwenyewe anayehusika na risiti ninayo. Ukizungumza na Halima mkazie, mimi ananiona namwonea wivu.

Sasa ombi. Mkataba umekuja, kurasa 14, nimekutumia kwenye barua pepe. Usome ukiwa umetulia, si kwenye basi. Ukurasa wa 9 wanasema nikiondoka kabla ya miaka 3 narudisha gharama walizonitolea, ila hawajaandika ni kiasi gani wala kama kinapungua kila mwaka. Wewe ulitia saini kitu kama hicho? Niwaulize au wataniona mkorofi? Wanataka jibu ifikapo tarehe 26.

Na mengine, nijibu hata kwa sauti. Ule mtihani wa vitendo wa vituo 10 unaofanywa mkishafika, ulijiandaaje? Ni kweli huwa wanamwangusha mtu kwa kusahau tu kunawa mikono? Wiki za mwanzo walikupa pa kulala au ulijitafutia? Nasra atapata shule katikati ya mwaka? Na hili la ukaazi: wewe mwakani unatimiza miaka 5, je, kweli serikali ya huko inataka kuifanya 10, na itawagusa mliotangulia?

Upweke je? Ulinificha mwaka wako wa kwanza, Daudi ndiye aliyeniambia ulikuwa unalia. Niambie ukweli, nije nikijua. Wagonjwa na ndugu zao wanakupokeaje? Kuna aliyewahi kukukataa kwa rangi yako, na ulifanya nini?

Na lile la mtoto mmoja. Ni kila zamu, au ni siku ambazo watu wametimia? Watu wakiumwa, wakipungua, wanakuongezea wangapi? Nijibu hili kabla ya yote. Hata ukisema siku nyingine ni wawili au watatu nitakuja, ila nataka kujua.

Mpigie mama Ijumaa baada ya swala, anakusikiliza kuliko mimi. Usimtajie baridi.

Nasra kaamka, anatafuta viatu vya madrasa.

Ndimi wako,
Zuhura

Nyongeza: fundi anasema bati la rangi ya kijani limepanda bei, la bluu ni nafuu. Nimemwambia Neema hataki bluu. Nimekosea?