Msiniambie tu "niletee kamera"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na watu wawili: anayesafiri nje, na yule anayemfuata mpaka mlangoni kumwambia "ukirudi niletee kamera". Mimi ni mpiga picha wa hapa Moshi, mama wa makamo, studio yangu iko jirani na Soko la Mbuyuni. Nimewahi kuwa mwombaji na nimewahi kuwa msafiri, na kote huko nimeumia.

Mwaka 2016 binamu yangu alikwenda mji mmoja wa Ghuba kufuata mzigo wa vitambaa. Nilimpa dola 700 na maneno matatu: kamera ya Nikon. Alirudi na begi zito. Ndani mlikuwa na kamera kweli, na lenzi yake ndogo, na stendi nyepesi kama ya mchezo, na filta tatu, na kioo cha kubandika mbele ya lenzi "ili ivute mbali", na memori kadi isiyo na jina la kiwanda. Binamu alikuwa na furaha kwamba ameongezewa vitu vingi vya bure.

Nilipoanza kuvitoa kimoja kimoja nikaona betri si ya Nikon, chaja si ya Nikon, na kadi ya garantii ni ya soko la nchi nyingine kabisa. Muuzaji alifungua boksi la kiwandani, akachomoa vitu halisi ili aviuze peke yake, akajaza makapi, na binamu yangu akalipia boksi zima. Ile betri ilivimba mwanzoni mwa Desemba, ikanasa ndani ya kamera. Wewe Mhariri unajua Desemba ni nini Kilimanjaro: waliotawanyika Dar, Mwanza na Mbeya wote wamerudi kijijini, kila Jumamosi harusi, kila Jumapili kipaimara. Nilipiga harusi ya Marangu kwa kamera ya kuazima, huku nikimwangalia bibi harusi na kuhesabu dakika ambazo mwenye kamera alinipa.

Binamu sikumlaumu. Kitambaa akikishika anajua uzito wake na kama kitachuja rangi. Kamera yeye haijui. Mwenye kosa ni mimi niliyempa maneno matatu.

Mei 2023 ikawa zamu yangu. Kwaya yetu ilialikwa Leipzig, Ujerumani. Walutheri wa huku hawahitaji maelezo, maana wamisionari wa Leipzig wapo Kilimanjaro tangu 1893 na kutembeleana hakujakoma. Mchungaji alitangaza majina ya wasafiri Jumapili asubuhi. Hadi jioni nilikuwa na maombi saba ya kamera. "Kamera nzuri." "Kamera inayopiga video kama za Dar." "Shangazi, lenzi ndefu." Ndefu ya nini, ya kukaa kwenye bodi gani, yaani kamera yenyewe bila lenzi? Lenzi ya Canon haikai kwenye bodi ya Nikon. Na hata kwa Canon wenyewe, lenzi za aina ya RF, za kamera zao mpya zisizo na kioo cha ndani, haziingii kabisa kwenye bodi za aina ya EF ambazo wengi wetu bado tunazo.

Nikawaambia wote saba waniandikie jina kamili la bodi waliyo nayo, lenzi wanayotaka kwa namba zake, na fedha ambayo hawataizidisha. Akajibu mmoja tu, kijana muongoza watalii wa Arusha. Ana Canon 7D Mark II, anataka EF 400mm f/5.6, ya mtumba, na akatuma fedha mapema. Huyo nilimpenda. Lenzi hiyo ni ya tangu 1993, haina kifaa cha kutuliza mtikisiko, kwa hiyo wengi huikimbia na bei yake hushuka. Lakini yeye yuko juu ya Land Cruiser, injini imezimwa, lenzi imelala juu ya kifuko cha maharage, jua la Serengeti linawaka. Mtikisiko anautoa wapi? Alijua anachonunua na anachoacha.

Hapo kwenye mtumba nitakaa kidogo, maana wenzangu wa kazi wananicheka. Eti mpiga picha anayejiheshimu hununua mpya. Watu hao hao ukiwakuta Memorial, soko letu la mitumba, siku ya Jumamosi wamegeuza shati ndani nje, wanakagua mshono wa kwapa, wananusa, wanavuta zipu mara tatu. Wenzetu wa soko la Gikomba, Nairobi, nguo bora kabisa zinazochaguliwa kwanza belo likifunguliwa huziita "kamera". Kwa nini basi kamera yenyewe tuinunue kwa kuangalia boksi?

Tofauti ni kwamba mtumba wa kamera Ujerumani una sheria nyuma yake. Dukani, muuzaji wa vitu vilivyotumika anawajibika kwa ubovu uliokuwamo wakati anakuuzia, na muda huo anaweza kuufupisha kwa makubaliano, ila sio chini ya mwaka mmoja. Mtu binafsi anayeuza kamera yake kupitia tangazo anaruhusiwa kukataa wajibu huo kabisa, na kwa kawaida anaandika hivyo mwishoni mwa tangazo. Bei yake itakuwa chini, nawe umebaki na bahati yako. Mimi ni mtu wa kurudi Moshi baada ya siku kumi na mbili, bahati ya namna hiyo siihitaji.

Ratiba ya kwaya ilitupa siku moja ya mapumziko, nayo ilikuwa Jumapili. Nikatoka na fedha zangu, nikakuta Leipzig nzima maduka yamefungwa! Kule Jumapili duka la kawaida halifunguliwi. Kumbe ningejua ningepanga tofauti, lakini Mungu alikuwa ameniwekea mwenyeji mwerevu. Wiki mbili kabla sijaondoka nyumbani alikuwa amenishauri niagize vitu vikubwa kwa intaneti, vifike kwake. Sababu yake ilikuwa hii: ukinunua kwa kuingia dukani, sheria haikupi haki ya kurudisha kwa sababu tu umebadili mawazo, ila duka lenyewe likipenda. Ukiagiza kwa mbali kutoka dukani, una siku 14 tangu mzigo ukufikie, na huulizwi kwa nini. Kwa hiyo nilifika nikakuta boksi mbili sebuleni, lenzi ya kijana wa Arusha na bodi yangu ya Nikon D750 ya mtumba, euro 600, zaidi kidogo ya milioni moja na nusu kwa siku zile. Duka lilikuwa limeipa daraja AB, yaani imetumika lakini si kwa kuteswa.

Usiku ule badala ya kufanya mazoezi ya sauti ya tatu nilikagua kamera. Niliweka memori kadi yangu mwenyewe, nikapiga picha moja, nikaiingiza kwenye kompyuta ya mwenyeji, na programu ya bure ikasoma ndani ya faili hiyo idadi ya mara ambazo shata, lile pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga picha, imefyatuka: 41,000 na ushei. Shata ya D750 ilijaribiwa kiwandani kwa mizunguko 150,000. Nikon husema idadi ya mifyatuko waziwazi ndani ya picha. Canon nyingi hazisemi, huko unahitaji programu maalumu au neno la muuzaji. Kisha nikabana tundu la lenzi linalopitisha mwanga mpaka f/16, yaani likawa dogo sana, nikapiga karatasi nyeupe, nikaikuza picha kutafuta madoa. Yalikuwa mawili, vumbi la kawaida. Nikakagua skrubu za chini, kwa sababu skrubu iliyochubuka kichwa imefunguliwa na mtu asiye na bisibisi sahihi.

D750 ina historia yake ambayo kila anayeitafuta aijue. Ilitoka 2014, na baadaye Nikon wakatangaza kurekebisha bure matatizo mawili: mwako wa ajabu kwenye picha za kuelekea jua, na shata iliyofunika sehemu ya picha. La shata walilitangaza 2015, kisha wakaongeza kamera nyingine kwenye orodha mara baada ya mara. Unatambua kwa namba ya bodi. Na ile iliyokwisha kurekebishwa mwako ina nukta nyeusi ndani ya tundu la kufungia stendi. Niligeuza kamera yangu, nikamulika na simu, nukta ile pale. Mwenyeji wangu alidhani nimepata wazimu, nacheka peke yangu usiku kwa ajili ya doa la wino.

Kwa lenzi tochi ndiyo mwamuzi. Unaiwasha upande wa nyuma, unatazama mbele kwa mshazari. Vumbi lisikutishe. Kitisho ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hao ni fangasi, na hewa ya masika yetu huwalisha wakanenepa. Tazama pia visu vinavyobana tundu la mwanga kama vina mafuta, visiwe vinang'aa. Halafu inuse. Nasema kweli, inuse. Lenzi iliyokaa kabatini pa unyevu hunuka kama kanga iliyokunjwa mbichi.

Jumanne tulipelekwa Dresden, mwendo wa saa moja na kitu kwa treni. Wengine walikwenda kuona makanisa. Mimi nilikwenda kwenye jumba la makumbusho ya ufundi lililo katika kiwanda cha zamani cha kamera cha Ernemann, kwa sababu ya marehemu baba. Baba alitulea kwa Praktica, na Praktica zilitengenezwa Dresden. Nilisimama mbele ya kabati la kioo nikiitazama kamera ambayo nyumbani ilikuwa imevikwa soksi ya sufu isipate vumbi. Sina cha kuongeza hapo.

Turudi kwenye fedha. Kodi ya ongezeko la thamani Ujerumani ni asilimia 19, na mgeni anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kurudishiwa. Watu huisikia hiyo 19 wakaanza kuitumia kichwani kabla hawajaipata. Kwanza, ukiikokotoa kutoka bei ya lebo, 19 hiyo ni kama 16, na kampuni inayokurudishia inakata chake. Pili, mitumba mingi ya dukani huuzwa kwa utaratibu ambao kodi hutozwa juu ya faida ya muuzaji tu, haionyeshwi kwenye risiti, na hairudishwi. Kwa hiyo kwa D750 nilipata sifuri. Nilikuwa na flashi mpya ya euro 300 ambayo ingenirudishia kama euro 48 kabla ya makato. Nayo nikaikosa kwa ujinga wangu. Niliiweka kwenye begi la mkononi, nikapanga foleni ya forodha uwanja wa ndege wa Berlin, wakaniambia kwa upole kwamba mzigo wa mkononi hugongewa muhuri kwenye uwanja wa mwisho wa Umoja wa Ulaya. Kwangu huo ulikuwa Amsterdam, ambako nilikuwa na muda wa kukimbia mlango hadi mlango, basi. Fomu hiyo ninayo mpaka leo, nimeifanya alama ya kitabu cha nyimbo.

Kamera na betri, hata hivyo, ni sawa kuwa mkononi. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mzigo unaopakiwa chini ya ndege. Nilipotua KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, nilitangaza forodhani nilichobeba na kutoa risiti za bei ya mtumba, zilizotafsiriwa na mwenyeji wangu kwa Kiingereza, zenye namba za bodi. Nililipa kwa hesabu ya risiti. Asiye na risiti ajiandae kubishana juu ya bei ambayo hana ushahidi wake.

Na wanaoletewa kutoka Japani, ambako mitumba ya kamera ni mingi na misafi, wamwambie msafiri awashe kamera kabla ya kulipa. Jirani yangu aliletewa Sony nzuri kabisa iliyotengenezwa kwa soko la ndani la kule. Menyu ni ya Kijapani tupu, hakuna lugha ya pili. Ameikariri kwa kuhesabu mibofyo: chini mara nne, kulia mara mbili, hapo ndipo pa kufuta kadi. Siku moja alihesabu vibaya. Sitasema harusi ya nani.

Kijana wa Arusha alikuja kuchukua lenzi yake mwenyewe. Hakunishukuru kwanza, alitoa tochi mfukoni, akaimulika, akainusa, akacheka, ndipo akasema "shikamoo mama".

Mwisho, Mhariri, kwaya imealikwa tena, na shemeji yangu ameshaandika: "Safari hii niletee drone." Drone hapa nchini ina vibali vyake, vya mamlaka ya usafiri wa anga na vya wizara ya ulinzi. Shemeji, najua gazeti hili unalisoma kijiweni kila asubuhi. Kwanza niletee wewe vibali.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mama Picha,
Mbuyuni, Moshi