Kina mama wenzangu, fungueni makasha

Assalam alaikum, wadogo zangu na mashoga zangu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Naandika kwa sababu nikisimama mkutanoni mnanipigia vigelegele kabla sijafika kwenye neno lenyewe, na hili nataka lifike.

Mnajua nimehama. Ile nyumba ya Ngamiani, vyumba sita na ua, iliuzwa baada ya eda yangu kwisha, kila mrithi akapata fungu lake na mimi thumni yangu. Sasa niko vyumba viwili na kibaraza. Sina manung'uniko, thumni ni haki yangu na nimeipokea. Kilichonichosha ni vitu. Miaka 43 ya vitu, tena mimi nilijiona mtu asiye na mali.

Nilianza na kasha la misumari ya shaba alilonipa mama. Nikatoa doti 31 za khanga, hazijakatwa wala kupindwa. Ukizikunjua zinachanika palepale kwenye mikunjo. Nyingine nilizinunua kwa ajili ya jina tu, kuna mtu nilitaka alisome. Mtu mwenyewe ameshatangulia, Mungu amrehemu, na khanga sikuwahi kuivaa. Chini kabisa, bahasha: noti 14 za elfu kumi, zile za zamani. Benki Kuu ilitoa muda wa kuzibadilisha, tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Redio ilitangaza wee, mimi nikasikia kama tangazo la watu wengine. Bahasha nimeifungua Julai. Laki na arobaini imekuwa karatasi, na ni uzembe wangu mwenyewe.

Halafu vyombo vya kabati la vioo. Mabuli, visahani, masinia yenye maua, vyote "vya wageni". Nimehesabu: vimetoka mara tatu, posa za binti zangu watatu. Nikawaambia waje wagawane. Mkubwa akanijibu kwa upole, "Mama, nitaviweka wapi?" Anakaa Dar, ghorofa ya tatu, jiko lake ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikatoa vikombe, nikaanza kunywea chai mimi. Viwili vimeshavunjika na sijalia.

Sasa hili lisikilizeni vizuri. Wengi wenu nawasikia mkisema, "Nikifa, cherehani ya fulani, bangili za fulani." Kwa sisi Waislamu wasia hauvuki theluthi ya mali, na mrithi hausiwi ila warithi wenzake waridhie. Kwa hiyo cherehani uliyomwahidi binti yako mbele ya sahani ya wali, siku ukiondoka ni ya wote, na hapo ndipo ndugu wanapoacha kusalimiana kwa ajili ya chombo cha kushonea. Ukitaka iwe yake, mpe leo, ungali mzima wa afya. Hiyo ndiyo hiba. Na umkabidhi, aondoke nayo mbele ya watu. Kusema "hii yako" kisha ikabaki uvunguni kwako hakusaidii kitu. Tena ukigawa, usimpe mmoja ukawanyima wenzake: Mtume (s.a.w.) alikataa kuwa shahidi wa zawadi aliyopewa mtoto mmoja ndugu zake wakanyimwa. Wenzetu Wakristo nanyi msingoje, RITA, wale wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaandika wosia na kuutunza.

Nguo za marehemu mume wangu nilikosea. Sijamaliza hata mwezi, nikatoa kanzu na kofia zake sadaka, nikidhani ni wema. Shemeji akaniambia, na alisema kweli, kwamba hizo nazo ni mirathi, ilikuwa niwaulize wenye haki kwanza. Ikabidi niwaombe radhi mmoja mmoja.

Makaratasi ndiyo yaliyonitia hofu zaidi. Mjukuu alibeba mfuko wa magazeti akachome nyuma ya nyumba, moyo ukanidunda nikamrudisha. Ndani kulikuwa na cheti changu cha ndoa, kile kilichotakiwa mahakamani wakati wa mirathi. Basi jamani, karatasi zisomwe moja moja kabla ya kiberiti. Hati ya kiwanja, vyeti vya ndoa, vya kuzaliwa na vya vifo, talaka kwa aliye nayo, na barua za pensheni vikae mfuko mmoja, na mtu mmoja zaidi yako ajue ulipo. Kaseti za taarabu za Black Star na Lucky Star zilikuwa zimeliwa na ukungu. Nikazishika kidogo, nikazitupa.

Mabovu msiyapeleke kijijini. Tuna tabia hiyo, friji likifa tunampelekea dada Muheza kana kwamba kwake ni jaa. Muuzieni wa skrepa, ila shaba na aluminiamu zitengeni na chuma, bei yake ni nyingine, na yeye hatawakumbusha. Khanga laini zilizochakaa zinamfaa mzazi kumfungia mtoto mchanga, na nzima nzima ziingie kwenye sanduku la kikundi, waosha wetu huwa wanaazima azima kila msiba. Kisutu changu cha harusi nimempa mjukuu, nikamwonyesha na doa la pilau lilipoingilia.

Mimi nilifanya pembe moja kwa siku, baada ya alasiri, na picha za ukutani nikaziacha za mwisho kabisa. Ukianza na picha hutoki hapo. Wala msijivue mkabaki watupu. Mbuzi yangu ya kukunia nazi ninayo, meno yamekwisha, mashine ya kusagia ipo, na mtu asiniulize.

Sufuria mbili kubwa za shughuli, pamoja na vifuniko vyake na miiko ya mpishi, nimezitoa kwa kikundi, na hapa nimekabidhi mbele yenu nyote. Ziko uani kwangu, zinaziba mlango wa choo. Katibu, mtume kijana na guta kabla ya Ijumaa.

Bibi yenu, wa Tanga