Taa za sensa zisijaribiwe mchana kwa kupunga mkono

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwezi wa pili. Ni hizi taa za nje za sensa, zile ukipita zinawaka zenyewe, ukiondoka zinazima. Huku kwetu Goba zimeingia kwa kasi, wengine wameweka getini, wengine bustanini na kwenye njia ya kuingilia ndani, na mimi mwenyewe ninazo na sizitoi, kwa hiyo nisieleweke kwamba napinga. Ninachosema ni kwamba mafundi wetu wanazifunga mchana, wanazijaribu kwa kupunga mkono, wanalipwa wanaondoka, halafu hakuna anayerudi usiku kuangalia kama zinamwona yule mtu anayezihitaji kuliko wote ndani ya nyumba.

Kilichotufanya tuziweke ni LUKU. Tulikuwa na taa nne za nje za wati 50 kila moja, tunawasha magharibi tunazima asubuhi. Piga hesabu, wati 200 kwa saa 12 ni uniti 2.4 kwa usiku mmoja, mwezi mzima ni uniti 72, na sisi tukinunua umeme wa elfu kumi tunapata uniti 28 na kidogo, yaani taa za nje peke yake zilikuwa zinakula zaidi ya elfu ishirini na tano kila mwezi na hapo hujagusa friji wala pasi. Na yule aliye kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, ile yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, taa kama hizo peke yake zinakaribia kukimaliza, akiongeza friji au pasi anatoka kule. Sasa tukaziondoa mbili, zilizobaki tukazifunga sensa, halafu kwenye ngazi za kutoka getini mpaka kibarazani, maana nyumba yetu iko mteremkoni, tukaweka taa ndogo sita za chini zile za volti 12 zenye transfoma yake ya kupunguza umeme, nazo zinaongozwa na sensa moja iliyofungwa juu chini ya paa. Fundi alimaliza saa tisa alasiri. Alizunguka mbele ya sensa akapunga mkono, taa zikawaka, akaniambia, "Dada tayari hiyo, mambo safi." Nikamlipa.

Mama mkwe wangu anaishi na sisi, ana miaka 74 na anatembelea fimbo. Usiku mmoja alikuwa anatoka msibani kwa jirani, saa nne hivi, kijana aliyemsindikiza akamwacha getini kwa sababu aliona taa zimewaka. Bibi akaanza kupanda. Ngazi ziko saba. Ya tatu akasimama kupumzika kama kawaida yake, na taa zikazima. Akasubiri zirudi, hazikurudi, akainua mguu gizani akitafuta ya nne kwa fimbo, akaanguka. Mimi nilisikia fimbo ikigonga simenti ndiyo nikatoka mbio, na nilipofika kwake hizo taa zikawaka zote kwa pamoja kwa ajili yangu. Aliniambia neno moja tu, "Mwanangu, taa imenizimia." Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika, akafungwa hogo wiki sita, na mpaka leo kusonga ugali anapata shida.

Basi nikataka kujua kwa nini. Kesho yake nilizima sakiti breka, nikapanda ngazi na bisibisi, mume wangu akiwa ameishikilia chini. Sensa ile kwa chini ina vitufe vitatu vya kuzungusha, vidogo kama punje ya mahindi, kimoja kimeandikwa TIME, yaani muda wa taa kukaa imewaka, kingine LUX, yaani giza liwe kiasi gani ndipo iwake, kingine SENS, yaani wepesi wa sensa kuona. Cha TIME kilikuwa kimerudishwa mwisho kabisa kushoto. Hapo mwisho ni sekunde kumi hivi, ni sehemu ya fundi ya kujaribia ili asisimame chini kutwa anangoja taa izime, na yeye aliijaribu akaiacha hapo hapo. Ingeweza kupandishwa ikafika dakika kadhaa. Cha LUX kina alama ya jua upande mmoja na mwezi upande wa pili, nacho kilikuwa kwenye jua, maana yake taa zilikuwa zinawaka hata saa sita mchana kila kuku akipita, sisi hatukuwa tunaona kwa sababu ya mwanga.

Lakini hata ningerekebisha vitufe bado kulikuwa na kosa kubwa zaidi, mahali ilipofungwa. Hizi sensa za kawaida tunazonunua Kariakoo hazitoi kitu chochote, zinapokea joto tu. Ile plastiki nyeupe ya mviringo kama maziwa ukiiangalia kwa karibu imekatwa vipande vipande, na kila kipande kinaangalia ukanda wake wa uwanja, mtu mwenye joto akikatiza kutoka ukanda mmoja kwenda mwingine ndipo inajua kuna kitu kimetembea. Ukiifuata moja kwa moja unabaki kwenye ukanda ule ule muda mrefu, inachelewa kukuona au isikuone kabisa. Na ya kwetu ilikuwa juu ya kibaraza inaangalia ngazi uso kwa uso, mita tatu na nusu juu wakati kwenye boksi lake wameandika mita 1.8 mpaka 2.5. Bibi anapanda akiifuata, polepole, amejifunika kanga na sweta juu, joto lake limefichwa. Tena huu ulikuwa mwezi wa pili, Dar usiku ukuta bado una joto la mchana, tofauti kati ya mwili wa mtu na kilicho nyuma yake inakuwa ndogo na sensa inapungua nguvu ya kuona. Fundi kijana wa miaka ishirini na tano aliyepunga mkono akiwa amevaa fulana hakufanana na Bibi hata kwa kitu kimoja.

Tuliita fundi mwingine, huyu ana leseni ya EWURA, nikamwomba aje magharibi. Alikubali ila akashangaa. Akaihamishia kwenye nguzo ya pembeni ya ngazi, urefu wa mita mbili na ushee, ili anayepanda aikatize. Akaweka muda dakika nne. Halafu nikamtoa Bibi na hogo lake, akapanda akishuka mara tatu kwa mwendo wake, na fundi anazungusha bisibisi mpaka Bibi mwenyewe akasema sawa. Ilituchukua kama nusu saa, na ndiyo nusu saa ninayoidai kwa kila fundi nchi hii.

Mengine niyaseme haraka. Sensa za volti 230 zinakaa upande wa umeme mkubwa, kabla ya transfoma, jirani yangu alifungiwa upande wa volti 12 akaambiwa kifaa kibovu kumbe hakikuwa kinapata umeme wake. Waya wa moto na wa nyutro zisibadilishane nafasi, kwa sababu taa itazima vizuri tu lakini kule ndani bado kuna moto na atakayebadili balbu ataupata. Tena angalia mzigo, boksi linaweza kuandika wati 1200 lakini hizo ni za balbu za zamani, kwa taa za LED linaandika ndogo zaidi kama wati 300, ukizidisha vile vyuma vya ndani vinavyowasha na kuzima vinagandana na taa haizimi tena. Waya unaopita ardhini uwe ndani ya paipu, jembe la bustani halijui waya. Na zile sensa za rada, zinazotuma mawimbi badala ya kupokea joto, sio za kuweka karibu na barabara kama fensi yako ni michongoma, zinapenya, kila bodaboda ikipita taa zako zinawaka na jirani halali.

Ombi langu kwako Mhariri ni ulifikishe hili kwa waagizaji na kwa TBS, maboksi haya yana karatasi ndogo ya Kiingereza na Kichina, maandishi hata kuyasoma shida. Waweke ya Kiswahili, ukurasa mmoja tu unatosha, ueleze vitufe vitatu, urefu wa kufunga, na kwamba ijaribiwe usiku na mtu mwenye mwendo wa polepole kuliko wote wa nyumba hiyo. Mafundi wanaofundisha vijana VETA nao wakilisemea nitashukuru sana.

Mimi ya kwangu nimeiandika kwa kalamu nikaibandika ndani ya mlango wa meni swichi ili fundi yeyote atakayekuja aikute: TIME dakika nne, LUX kwenye mwezi, usirudishe nyuma, Bibi anapumzika ngazi ya tatu.

Ni mimi msomaji wako,
Mama wa Goba,
Dar es Salaam