Kabla ya kuchemsha tawi la kinyonga, uliza limetoka mti gani

Wateja wanaokuja karakana yetu hapa Ndeeba kuchukua kizimba cha wavu cha kinyonga huuliza kwa kicheko: "Yaani hata matawi mnauza? Si miti imejaa Kampala?" Imejaa kweli, na wengi huenda kujikatia wenyewe, jambo ambalo halitusumbui hata kidogo. Linalotusumbua ni jibu lao tunapowauliza waliyaandaaje. "Niliyachemsha." Basi, kwao kazi imekwisha.

Maji ya moto yanaua wadudu, mayai yao na ukungu. Hayaugeuzi mti wa sumu ukawa salama, wala usiyategemee kutoa dawa ya shambani ambayo gome limekwisha kuinywa. Na kwa kinyonga hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ya namna anavyokunywa. Bakuli la maji hana habari nalo. Yeye hulamba matone yaliyotua kwenye majani na matawi. Kila asubuhi unapomnyunyizia maji unaliosha tawi, naye anakunywa yaliyooshwa humo. Panzi unaomwekea nao hulitafuna gome hilohilo kabla hawajaliwa.

Kwa hiyo anza na mti. Sisi tunaupenda mpera. Ni mgumu, hauna utomvu wa maziwa, na matawi yake hupinda na kugawanyika vizuri. Gome lake ni laini kidogo, kwa hiyo usilipige msasa, kinyonga atakosa pa kushika. Kahawa nayo ni nzuri sana, na nchi hii haina uhaba wa kahawa: wakulima wa Masaka na Mukono hukata mashina ya robusta yaliyozeeka ili yachipue upya, na matawi huishia kuwa kuni. Ila kwa mkahawa uliza mambo mawili. Kwanza, dawa ilipigwa lini mara ya mwisho, na dawa gani? Mwenye shamba asipojua, mwachie kuni zake. Pili, geuza tawi utazame upande wa chini. Ukiona kitundu cha ukubwa wa tobo la sindano, na tawi limekauka kuanzia hapo kwenda nchani, huyo ni yule mdudu mweusi anayetoboa matawi ya robusta. Wakulima wanashauriwa kuyakata matawi ya namna hiyo na kuyachoma moto. Usiyabebe kuyapeleka kwingine, hasa kama jirani yako ana mikahawa.

Miti ya kukataa moja kwa moja ni mnyaa, ambao wengi hapa wanauita nkoni, pamoja na jamii yake yote yenye maziwa makali, oleanda za aina zote mbili, ile ya maua ya waridi na ile ya maua ya manjano inayopandwa kwenye ua, mnanaha (datura), na kayukiyuki (lantana). Msonobari una gundi nyingi na harufu kali, tunauacha. Kalitunsi, yaani mkaratusi, pia tunauacha kwa ajili ya mafuta yake. Wapo wafugaji wanaoutumia ukishakauka; hatubishani nao, ila hatuuzi. Na mti usioweza kuutaja jina kwa lugha yoyote, usiukate.

Kwa kuwa tuko Ndeeba, mtaa wa wauza mbao, neno kuhusu mbao. Vipande vya nguzo na mbao zenye rangi ya kijani-kijani vimetiwa dawa ya mchwa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Viko kila kona hapa, tena bure, na havifai kabisa. Tawi la kando ya barabara kuu lililojaa vumbi na moshi nalo liache. Msitu wa Mabira usiende na panga: ni hifadhi, iko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu.

Unene nao una maana. Mguu wa kinyonga umegawanyika, vidole viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, naye hubana tawi badala ya kulikanyaga. Mpe mchanganyiko: kwa mkubwa, kuanzia unene wa kalamu hadi wa dole gumba. Matawi yote yakiwa na unene mmoja, mguu unabana vilevile kutwa kucha.

Sasa chemsha. Bandua gome linalojitoa lenyewe, sugua kwa brashi na maji ya moto bila sabuni, kisha tia kwenye pipa dakika thelathini hivi, ukiyageuza yale marefu. Maji yatakuwa ya kahawia. Hiyo ni rangi ya gome, mwaga urudie. Anika juani, juu ya bati au kichanja, si chini kwenye udongo wenye mchwa. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kukausha kunachukua muda, na tawi bichi ndani ya kizimba kinachonyunyiziwa maji litaota ukungu.

Jik, ile dawa ya klorini ya kufulia, hatutumii. Mbao huinywa. Ukilazimika, sehemu moja kwa kumi za maji, dakika kumi, suuza mara nyingi, anika mpaka harufu iishe kabisa, na usichanganye na siki wala sabuni ya choo. Vanishi na rangi, hapana.

Kufunga matawi kizimbani: piga skrubu kutokea nje kupitia fremu, uzito usiachiwe wavu. Ncha za waya zikunje nje, ndani zinachana miguu. Kwa tawi la chini ya taa ya joto, weka kiganja chako hapo dakika chache. Kikiungua, shusha tawi.

Vinyonga hatuuzi wala hatutafuti. Kumfuga kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori (UWA), kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2019, na tunapenda kukiona kabla hatujachukua oda ya kizimba. Matawi yaliyokwisha kuandaliwa tunauza kwa urefu. Ukikata mwenyewe, tuletee tuyachemshe katika pipa letu, lakini usiyapukutishe majani kwanza; bila majani ni vigumu kwetu kujua umekata mti gani.