Mkojo haukisiwi: barua ya wazi kwa wanafunzi wa uuguzi

Wanangu, assalaam alaykum.

Wiki iliyopita nilishinda kando ya kitanda cha shoga yangu, kalazwa kwa kuharisha katika hospitali moja hapa Pemba. Chati ya maji, yanayoingia na yanayotoka mwilini, ilining'inia miguuni pake. Nimestaafu uuguzi, macho hayajastaafu, nikaifunua. Mkojo: saa 4, mililita 200. Saa 8, 200. Saa 12 jioni, 200. Mwandiko mmoja, wino mmoja. Nami nilikuwapo tangu alfajiri. Alikojoa mara moja tu, kidogo, umekoza kama chai ya rangi. Binti yake akafunika beseni kwa kanga, akaenda kumwaga chooni, kumsitiri mamaake. Hakuna aliyemwambia auweke upimwe.

Sasa hizo mia mbili mara tatu kakojoa nani?

Mgonjwa wa kilo 50 anatakiwa atoe angalau mililita 25 kwa saa, yaani 300 kwa zamu ya saa 12. Chati ikisema 600, daktari anaona figo ziko salama, anapunguza dripu. Na mgonjwa ulimi umekauka, mapigo yanakwenda mbio. (Ngozi ya mzee msiitegemee kwa kuifinya, hata mzima inachelewa kurudi.) Kuharisha kunaondoka na potasiamu pia, moja ya chumvi za mwili. Daktari akitaka kuirudisha kwa dripu, swali lake la kwanza ni kama mkojo unatoka. Figo zikiwa zimelala, potasiamu inajaa kwenye damu na moyo unasimama. Hiyo 200 yako ya kubuni ndiyo itakayomjibu.

Msinione nimezaliwa mwema. Mwaka wangu wa kwanza niliandika 250 ya uongo kwa kumuogopa sista wa zamu. Alinishika mkono mpaka msalani, akanipa jagi tupu, akaniambia: "Nionyeshe." Nilisimama pale nikalia.

Mengine mnafundishwa darasani: sodiamu ya damu 135 hadi 145, potasiamu 3.5 hadi 5, kwa milimoli katika lita. Potasiamu ya chupa haipigwi sindano moja kwa moja mshipani, abadan. Pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kukoroga na maji ya kunywa, ikiwa ya lita ni ya lita kamili. Nguo iliyoroa ipimwe kwenye mizani, utoe uzito wa nguo kavu. Gramu moja ni mililita moja. Uzito wa mgonjwa kila asubuhi.

Najua usiku mnakuwa wawili kwa wodi nzima, na hilo waulizwe wanaopanga ajira. Lakini kama hukupima, andika hukupima. Daktari akiona pengo atauliza.

Na sisi jamaa tuna letu. Mtu haoni katibiwa mpaka atundikiwe dripu. ORS tunasema ya watoto. Tunabeba madafu. Dafu zuri, lina potasiamu, ila sodiamu yake ni kidogo, kwa mwenye kipindupindu halitoshi. Masika yakija maji ya vyoo yanaingia visimani, kisha tunaulizana maradhi yametoka wapi! Mwambieni jamaa mapema, kwa adabu: "Mama, usimwage, tuwekee tupime." Ataona haya kidogo, kisha atazoea.

Shoga yangu hajambo sasa, alhamdulillahi. Kesho nakwenda tena. Jagi nimelinunua mwenyewe mjini Chake Chake, na yule binti nimeshamfundisha kusoma mistari.