Hao bata si kweleakwelea

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Ile habari ya bata wa Mto Kikuletwa imenishinda kuinyamazia.

Mwandishi wenu ameyaita yale makundi "wavamizi wa mpunga" na kutaka ndege ije kupuliza sumu. Sumu hiyo hupulizwa kwa kweleakwelea, kadege kadogo kama shomoro. Wengi wa hawa ni bata wageni. Kwao ni Ulaya na Urusi. Kabla maziwa ya kule hayajaganda kuwa barafu huanza safari, huku wakafika Oktoba na Novemba, na ikifika Aprili wameshaondoka. Baridi ya kwao ndiyo kiangazi chetu. Mwezi wa Pili kaa kimya ukingoni, utamwona dume mwenye mstari mweupe juu ya jicho, na mwingine mwenye mdomo mpana kama koleo. Sikatai, wapo pia bata wetu, wale wa uso mweupe wapigao mluzi, ambao usiku huingia majarubani kula punje. Hao tangu zamani tunawafukuza kwa kupiga debe.

Januari iliyopita, alfajiri, niliwakuta vijana wawili mtoni na gunia. Walikuwa wamemwaga mahindi yaliyolowekwa dawa ya kuulia wadudu. Nilihesabu bata kumi na saba majanini, mmoja bado anapiga mbawa akishindwa kuinua shingo. Nikauliza wanawapeleka wapi. "Sokoni, mwalimu." Sokoni! Nyama yenye sumu ikaliwe na watoto niliowafundisha baba zao! Nilikwenda ofisi moja inayohusika, nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Nikarudi mara tatu, mara ya mwisho nikaambiwa jalada halionekani. Na wakati nafuatilia bata, malori ya mchanga yalikuwa yanaula ukingo uleule mchana kweupe, matete yamelala, mkuyu mkubwa umeanguka mtoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inasema mita 60 kutoka mtoni zisiguswe. Mimi nimepima kwa hatua zangu: lori lilisimama hatua tisa kutoka majini. Habari hiyo mbona hamkuiandika?

Naomba mambo mawili. Kwanza, mrekebishe ile habari ukurasa uleule wa mbele, kwa herufi za ukubwa uleule. Pili, katikati ya Januari, wakati ndege wa majini wanahesabiwa nchi nyingi duniani, mleteni huyo mwandishi Arusha Chini. Afike saa kumi na mbili na nusu asubuhi, asimame ukingo wa mashariki ili jua liwe mgongoni, asivae shati jeupe. Darubini nitamwazima yangu. Wanafunzi wa darasa la sita watakuwepo na madaftari, wamfundishe kuwatofautisha.

Mwalimu mstaafu,
Arusha Chini, Moshi