Hadithi ya mtu aliyebomolewa nyumba na dunia yake inastahili kusikika kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni, nikiwa kwa muuza vitabu vya mitumba anayepanga bidhaa zake kando ya njia maeneo ya Posta, nilimkuta kijana wa kidato cha tano akihesabu noti zake ili anunue riwaya ya Kiingereza iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1979, na muuzaji akaniambia kuwa kila anapopata nakala ya kitabu kile haimalizi wiki mezani. Kitabu chenyewe ni The Hitchhiker's Guide to the Galaxy cha Mwingereza Douglas Adams, yaani mwongozo wa msafiri anayezunguka galaksi kwa kuomba lifti, nacho ndicho cha kwanza katika mfululizo wa riwaya tano za kuchekesha zinazohusu anga za juu. Mwalimu mwenzangu niliyekuwa nimefuatana naye alitikisa kichwa, akasema kwamba habari za roboti na vyombo vya angani ni mambo ya Wazungu ambayo hayatuhusu, na kwamba kijana angefanya vyema kununua kitabu cha maswali ya mtihani. Sikukubaliana naye siku ile na sikubaliani naye hata sasa, ndiyo maana naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua.

Hadithi inaanza asubuhi ya Alhamisi, katika nyumba ya bwana mmoja wa kawaida kabisa aitwaye Arthur Dent. Anaamka, anachungulia dirishani, na kuona tingatinga limesimama bustanini kwake, limekuja kuibomoa nyumba ili ipite barabara ya mchepuo. Anatoka na vazi lake la kulalia, analala kwenye tope mbele ya tingatinga, na ofisa wa halmashauri anamweleza kwa upole kwamba ramani za mradi zilikuwa wazi kwa umma kwa muda mrefu na kwamba pingamizi zake angezitoa wakati wake. Arthur anajibu kwamba ni kweli aliziona, ila ilimbidi ashuke kwenye chumba cha chini ya ardhi kisicho na taa wala ngazi, azitafute chini kabisa ya kabati la mafaili lililofungwa, na kabati lenyewe lilikuwa ndani ya choo kisichotumika chenye kibao mlangoni kinachowaonya watu wajihadhari na chui.

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji maelezo ya ziada juu ya ukurasa huo. Nani kati yetu hajapita kando ya barabara kuu akaona safu ya nyumba zilizochorwa alama ya X kwa rangi nyekundu? Shangazi yangu alikuwa na nyumba ya vyumba vinne aliyoijenga kwa miaka kumi na moja, tofali kwa tofali, kwa fedha za kuuza maandazi na vitenge, na siku alipoikuta X ukutani kwake alielezwa kwamba tangazo lilikuwa limebandikwa miezi mingi kwenye ubao wa ofisi moja, ambayo wakati huo ilikuwa imeshahamia jengo jingine. Miaka kadhaa baadaye nilimsomea kurasa zile za mwanzo, nikizifasiri kwa Kiswahili papo kwa papo. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akanyamaza, akaniuliza: "Na huyo bwana, nyumba yake walimlipa?" Nilimjibu kwamba hakulipwa, kwa sababu muda mfupi baadaye Dunia nzima ilibomolewa.

Naam, hilo ndilo linalofuata. Meli za viumbe waitwao Wavogoni zinatanda angani na kutangaza kwamba Dunia inaondolewa ili kupisha barabara kuu ya anga, na watu wanapopiga kelele wanaambiwa kwamba ramani zilibandikwa kwa miaka 50 katika ofisi ya mipango iliyoko Alpha Centauri. Nyota hiyo iko mbali kiasi kwamba mwanga wenyewe huchukua zaidi ya miaka 4 kutoka huko hadi kwetu. Adams amechukua dhuluma ya mtaani, akaipanua hadi ikalingana na ulimwengu, bila kubadilisha hata neno moja katika majibu ya ofisa. Wavogoni hao wana hasira za karibu, lakini ubaya wao mkubwa ni urasimu, maana hawawezi kuinua mkono kumwokoa hata bibi yao mzaa mama mdomoni mwa mnyama mkali bila amri iliyotiwa saini nakala tatu, ikatumwa, ikarudishwa, ikahojiwa, ikapotea, ikapatikana, na ikapotea tena. Vitabu vingi vya sayansi ya kubuni vya miaka ile vimechakaa kwa sababu vilistaajabia mashine, na mashine huzeeka. Hiki kilimtazama mtu mdogo mbele ya meza ya ofisi, na meza hiyo ingalipo.

Sababu ya pili ya kudumu kwake ndiyo hasa iliyonisukuma kuandika. Wengi wanaokishika kitabu hiki hawafahamu kwamba hakikuzaliwa kikiwa kitabu. Kilizaliwa redioni. Kipindi cha kwanza kilirushwa na idhaa ya Radio 4 ya BBC tarehe 8 Machi 1978, saa nne na nusu usiku, saa ambayo hakuna mtayarishaji anayeitamani, na bado wasikilizaji walikipenda kiasi kwamba mfululizo ule wa kwanza ulirudiwa mwaka huohuo. Riwaya ilifuata Oktoba 1979, ya pili ikatoka 1980, na nyingine 1982, 1984 na 1992. Kati yake kukawa na mfululizo wa televisheni mwaka 1981, na filamu ya sinema ikaja mwaka 2005, baada ya mwandishi kufariki. Lakini sikio ndilo lililokuwa mlango wa kwanza. Ukisoma kwa sauti utaona jinsi sentensi zake zinavyokwenda: ndefu, tulivu, zenye heshima ya msimulizi wa taarifa ya habari, hadi neno la mwisho linapogeuza kila kitu. Redio ilimpa Adams uwezo wa kuibomoa Dunia kwa mlio mmoja, bila gharama za kujenga hata ukuta, na mafundi wa sauti wa BBC walipewa kazi ya kuutengeneza ulimwengu mzima kwa milio na muziki.

Sisi tuliolelewa na Radio Tanzania Dar es Salaam tunalielewa jambo hilo bila kufundishwa. Waliokuwa wakikusanyika kuwasikiliza Pwagu na Pwaguzi hawakuwahi kudai waone sura zao, na Twende na Wakati, mchezo ulioanza mwaka 1993, uliingia katika nyumba za watu wasiokuwa na televisheni wala umeme, ukazungumza nao juu ya Ukimwi na uzazi wa mpango kwa lugha ya majirani wanaogombana na kupatana.

Kuna mambo mengine katika mfululizo huu ambayo yanamkaa Mswahili mwilini kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Mwongozo ule wa kubuniwa, uliomo ndani ya hadithi na uliokipa kitabu jina lake, unasema kwamba kifaa muhimu kuliko vyote kwa msafiri wa anga ni taulo, kwani ataweza kujifunika baridi, kulilalia, kujifunga kichwani, kulitumia kama tanga la mtumbwi, na likilowa atapigania nalo. Mwanamke yeyote wa pwani akilisikia hilo atafikiria kanga, ambayo ni mbeleko, kilemba, shuka, pazia na kata ya kichwani, tena kanga ina jina lililoandikwa juu yake. Wasomaji wa nchi mbalimbali hubeba mataulo hadharani kila tarehe 25 Mei kumkumbuka Adams, desturi iliyoanza mwaka 2001, wiki mbili baada ya moyo wake kusimama ghafla huko California akiwa na umri wa miaka 49 tu.

Halafu kuna ile namba 42, ambayo hata watu wasiosoma kitabu wameisikia. Viumbe wenye akili nyingi wanaunda kompyuta kubwa ili iwape jibu la maisha, ulimwengu na kila kitu. Kompyuta inafikiri kwa miaka milioni saba na nusu, kisha inatamka kwamba jibu ni arobaini na mbili, na inapolaumiwa inasema kwamba wao hawakuwahi kulijua swali lenyewe. Watu wametafuta maana ya siri katika namba hiyo kwa miaka mingi, ingawa Adams mwenyewe alieleza kwamba aliichagua kwa kuwa ilikuwa namba ndogo ya kawaida. Kwa mtoto aliyekulia kwenye vitendawili fumbo hilo liko wazi. Jibu bila kitendawili kilichotegwa si kitu. Lazima mmoja aseme "kitendawili" na mwingine aseme "tega", na anayeshindwa atoe mji. Wale viumbe walitaka jibu bila kutega, na nadhani hakuna lugha ambayo utani huo ungeingia vizuri zaidi kuliko hii yetu.

Mahali pamoja ninatofautiana na mwandishi. Anabuni samaki mdogo anayeingizwa sikioni na kumwezesha mtu kuelewa kila lugha, kisha anasema kwamba samaki huyo, kwa kuondoa vizuizi vya mawasiliano, amesababisha vita vingi na vya kutisha kuliko kitu kingine chochote. Ni utani mzuri, lakini nchi yetu ina makabila zaidi ya 120 yaliyopewa sikio moja, nalo ni Kiswahili, na kuelewana kwetu kumetuletea ndoa, biashara na amani kuliko ugomvi. Ningependa mno kumsikia mwandishi wa hapa akimjibu Adams kwa hadithi.

Sidai kwamba riwaya zote tano zina uzito mmoja. Mbili za kwanza ndizo zenye damu ya redio, ya tatu inajikokota, na ya tano ina huzuni nzito. Hata hivyo msomaji anayezipenda mbili za kwanza huzimaliza zote, kama mtu anayekaa na mgeni wake hadi usiku wa manane.

Na kwa wale wanaosema kwamba Adams hatuhusu, nakumbusha kwamba alikuja kwetu. Mwaka 1990 alikuwa ameshachapisha, pamoja na mtaalamu wa wanyama Mark Carwardine, kitabu juu ya viumbe vilivyokaribia kutoweka, ambamo alikwenda hadi mbuga ya Garamba, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, kuwatafuta faru weupe wa kaskazini. Mwaka 1994 alijiunga na msafara wa kupanda Mlima Kilimanjaro ili kuchangisha fedha za kuwalinda faru, na katika safari hiyo alitembea akiwa amevaa vazi kubwa la faru. Faru weupe wa kaskazini leo wamebaki majike wawili tu, nao wako Kenya. Sisi ambao mwaka 2019 tulimlilia Fausta, faru mkongwe wa Ngorongoro aliyefikisha miaka 57, tuna sababu ya kumheshimu mtu aliyetumia umaarufu wa vichekesho vyake kwa kazi hiyo.

Wala mbegu ya fasihi ya namna hii si ngeni katika lugha yetu. Shaaban Robert, mwaka 1951, alitupa Kusadikika, nchi inayoelea angani, ambamo Karama anashtakiwa na waziri Majivuno, na katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote sita, ikiwemo ya juu na ya chini, wakarudi na mema na kuambulia adhabu. Mwaka 1995 Katama Mkangi wa Kenya alimpakia mhusika wake Dzombo ndani ya chombo cha angani kilichokusudiwa kuwa hukumu yake ya kifo, na chombo kikamfikisha sayari ya Walenisi, jina ambalo ukilitenganisha linasema lenyewe. Hao wawili walijua kwamba ukitaka kuisema ardhi bila kugombana na mwenye ardhi, panda angani kwanza. Walichokiacha bila kuguswa sana ni kicheko, na hapo ndipo Adams angetufaa.

Kwa hiyo ombi langu, Ndugu Mhariri, ni kwa wakuu wa vipindi wa TBC Taifa na wa redio nyingine zinazosikika hapa jijini. Watupatie mchezo wa sayansi wa kuchekesha, vipindi sita vya nusu saa, ama kwa kutafuta haki za kutafsiri kazi ya Adams kwa njia ya kisheria inayostahili, ama, na hili ningelipenda zaidi, kwa kuwaita vijana wetu waandike wa kwao, wenye Wavogoni wanaoulizia barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Wachapishaji nao wasiogope, na wanaoandika wasidhani kwamba Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inasubiri misiba na mapenzi peke yake.

Wa kusikiliza tayari wapo. Kijana yule wa Posta alikinunua kitabu chake kwa shilingi elfu nne baada ya kupunguziwa elfu moja, akakifungua pale pale akiwa amesimama, na daladala yake ya kwanza ikampita. Shangazi yangu, ambaye sasa amepanga chumba Mbagala na ana redio ndogo ya betri juu ya kabati la vyombo, ameniuliza mara mbili iwapo yule bwana wa tingatinga alipata pa kulala.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam